Nimetengeneza Kengele, Sasa Hailii

Mshauri mpendwa,

Kabla sijaomba msaada naomba kutangaza rasmi, mbele yako na mbele ya wasomaji wako wote, kwamba nyumba yetu ina utulivu. Utulivu huo ulianza wiki tatu zilizopita, siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, na aliyeuleta ni mimi, kwa bisibisi ndogo. Nilitegemea pongezi. Badala yake naandika barua hii nyuma ya karatasi za risiti za duka langu, nikiwa nimeuweka mgongo upande wa mlango wa ndani ili mke wangu asione.

Mimi ni fundi redio. Ukiniletea kitu kinachokoroma, kinachokwaruza au kinachopiga filimbi, utakichukua kikiwa na adabu zake, na kwa kazi hiyo nimejulikana mtaa mzima. Chumba cha mbele ndiyo karakana yangu, mlango uko barabarani na unakaa wazi tangu asubuhi. Chumba kinachofuata mke wangu anapiga pasi mashuka ya nyumba ya wageni, na anatumia pasi ya mkaa, kwa sababu ile ya umeme anasema ni nyepesi, inapita juu ya shuka kama mgeni asiyetaka kukaa. Zamani alikuwa anapigia uani. Mdogo wake, ambaye yuko zimamoto na ambaye tunamwita Afande hata siku ambayo hana sare, alituletea kidude cheupe, saizi ya kisahani, cha kutundika ukutani, akasema kinanusa hewa ya sumu ya mkaa, ile kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi, haina harufu wala moshi, na kikiinusa kitapiga kelele. Tukashukuru, tukakitundika chumba hicho hicho cha pasi, na kwa miezi mitano hakikusema neno, nami nikakiheshimu.

Basi mvua zikaanza, mke wangu akahamishia meza ndani, akafunga dirisha ili mashuka yasirushiwe maji, na kidude kikaanza kulia, milio minne, kinapumua, milio minne, kinapumua, kila asubuhi, tukifungua dirisha kinanyamaza, tukifunga kinaanza upya, na mimi kama fundi nikajua mara moja tatizo ni nini, kwa sababu redio pia zikiingiwa na unyevu wa mvua hupiga kelele hivyo hivyo, na mkaa wenyewe mke wangu huuwasha nje hadi uive, ukiingia ndani hauna hata uzi wa moshi, sasa sumu itoke wapi. Nikakishusha, nikakifungua, nikatoa kile kikengele chake cha ndani, nikakirudisha ukutani. Kimya. Taa nyekundu bado inawaka na kuzimika, lakini taa haimsumbui mtu.

Sasa, mshauri, mama mkwe wangu yuko kwetu mwezi wa pili, anauguza mguu uliovunjika. Anakaa kwenye kiti karibu na meza ya pasi, anamkunjia mwanawe mashuka, na tangu wiki ile ya utulivu anasema kichwa kinamgonga na tumbo linamchafuka, ila akitolewa barazani baada ya saa moja anapona, akirudi ndani anaumwa tena. Amesema mbele ya watu kwamba kichwa chake hakiitaki nyumba hii. Nyumba hii ni yangu, kwa hiyo nilijua anayekataliwa ni nani, nikanuna siku nne. Mke wangu naye, ambaye kwa miaka tisa hajawahi kuunguza shuka, ameunguza mawili ndani ya wiki moja na anasema ni usingizi tu.

Juzi mama aliniita. Akaniuliza, mwanangu, ile sauti imekwenda wapi? Nikamjibu nimeitengeneza, mama.

"Kwani ilikuwa mbovu?"

"Ilikuwa na kelele."

Akaliweka chini shuka alilokuwa anakunja. "Na kelele si ndiyo kazi yake?"

Nikacheka, nikasema mambo ya ufundi ni marefu. Naye akasema basi ufundi wangu umeacha kitu kinamkonyeza mtu mzima siku nzima.

Tangu hapo maneno yale hayanitoki. Na Afande anakuja Jumamosi. Kila akija, kabla hajasalimia vizuri, hubonyeza kitufe cha katikati, kidude hulia, naye huitikia kwa kichwa kama mtu anayekagua gwaride. Safari hii atabonyeza na hakuna kitakacholia. Kukirudisha kile kikengele siwezi, kwa sababu nilishakitia kwenye kengele ya mlango ya mwalimu mstaafu wa mtaa wa pili, na amefurahi mno, anatoka nje kuibonyeza mwenyewe. Je, nimwambie mke wangu nilichofanya, nivunjike heshima mbele ya ukoo mzima, mimi fundi? Au kuna njia ya kurudisha sauti kimyakimya kabla ya Jumamosi?

Ni mimi,
Fundi wa Utulivu

*

MSHAURI ANAJIBU

Fundi, barua yako ilinifikia Jumatatu na gazeti hili linatoka Ijumaa. Sikusubiri Ijumaa. Risiti zako zina namba ya duka, nikapiga. Wewe ulikuwa umepeleka redio ya mtu, simu akaipokea mama mkwe wako, ambaye mwanawe alimletea simu ya duka pale kwenye kiti chake, kwa mkono mmoja, pasi ikiwa mkono wa pili. Nikamuuliza kama kidude kinawaka taa nyekundu. Akasema, kwa sauti ya mtu anayezungumza akiwa amelala nusu, "Kinakonyeza hapa tunapozungumza."

Nikamwambia atoke yeye na mwanawe, wakati huo huo, waache mashuka, waache milango wazi, na wakiwa nje waende hospitali wakamtajie daktari neno la mkaa na la hewa hiyo ya sumu, maana asipotajiwa atawapa dawa ya kichwa na kuwarudisha pale pale. Wakatoka. Mama alitoka kwa magongo yake, kwenye mvua, bila kuniuliza mimi ni nani. Hebu lifikirie hilo: mgeni kwenye simu aliaminiwa kwa dakika moja, na kitu kilichotundikwa ukutani kwa kazi hiyo hiyo wewe ulikinyamazisha.

Pole kwa hofu uliyonayo. Naelewa mtu anavyojengwa na kazi yake. Miaka yote umelipwa kuondoa kelele, ukakutana na kifaa ambacho kelele ndiyo uzima wake, mkono ukaenda ulikozoea. Hilo nakusamehe. Lakini ulisema mwenyewe kwamba dirisha likifunguliwa kinanyamaza na likifungwa kinalia. Fundi, huo si unyevu. Redio ya mteja ingekupa dalili iliyonyooka kiasi hicho ungeshukuru. Mkaa ulioiva hauna moshi, lakini sumu unayo, na hapo ndipo inapowapata watu, kwa sababu macho na pua havina habari. Kichwa cha mama mkwe wako kilikuwa na habari. Kila siku kilikuambia ndani naumwa, nje napona, wewe ukanuna. Na unajua kwa nini wewe huumwi? Unakaa mlangoni. Hewa ya barabara nzima inakupitia wewe kwanza, wao wanapata iliyobaki.

Sasa nisikilize. Mkaa usiingie tena ndani ya nyumba hiyo, uwe umeiva au haujaiva, dirisha liwe wazi au limefungwa. Dirisha hupunguza, halimalizi. Wewe una mikono: funga turubai uani, mvua ipige juu, mke wako apige pasi chini yake pande zote zikiwa wazi. Kama mvua ni ya kuingia ubavuni, nyumba ya wageni isubiri mashuka yake.

Kidude ulichokifungua kitupe. Usinieleze kwamba unaweza kukirudishia kikengele kingine. Huenda unaweza, lakini hutajua kama kinanusa sawasawa hadi siku ambayo jibu lake utapewa na daktari. Mwalimu mwachie kengele yake, hajakosa kitu. Nunua kipya, na safari hii soma karatasi inayokuja nacho kabla ya kuchukua bisibisi. Itakuambia kitundikwe wapi. Mara nyingi wanataka hatua chache kutoka kwenye jiko, kisiwe dirishani, kisiwe nyuma ya pazia wala ndani ya kabati. Ukiweza pata viwili, kimoja kikae karibu na mnapolala. Nyuma kuna tarehe ya mwisho. Iandike kwa kalamu kubwa mbele, maana kifaa hicho huzeeka hata kama hakijawahi kulia, na kikizeeka hakiwekewi betri, kinabadilishwa. Bonyeza kitufe kila wiki, usimsubiri shemeji. Kipanguse vumbi kwa kitambaa kikavu, na betri yake isiazimwe na redio ya mtu yeyote, hata siku ya mpira.

Na ujifunze lugha yake, ni fupi kuliko ya redio. Mlio mmoja mfupi kila baada ya dakika hivi unaomba betri au unaaga. Milio minne, kimya, milio minne, inasema tokeni. Hapo hakuna uchunguzi. Mnatoka wote, mnahesabiana nje, mnaita zimamoto, na hairudi mtu ndani kufuata kitu hadi waseme. Chako, kilipokuwa kizima, kilisema hivyo kila asubuhi hadi ulipokifungua.

Umeniuliza kama umwambie mke wako. Mimi sikumwambia. Nilisema kifaa hakifanyi kazi, sikusema kwa nini, hiyo nimekuachia. Mwambie leo, kabla hamjala, mama mkwe akiwepo, na usianze na habari za unyevu. Anza na neno "nilikitoa." Wao watasema watakayosema, nawe utakaa kwenye kile kiti cha mama na kusikiliza hadi mwisho. Ukitaka kujitetea, tazama yale mashuka mawili yaliyoungua, ukumbuke ni mkono wa nani uliokuwa unalegea. Heshima uliyoiogopea itapungua kidogo, halafu itarudi. Mlikuwa karibu kupoteza vitu visivyorudi.

Jana nilipiga tena kuwajulia hali. Alipokea mama mwenyewe, sauti imefunguka, yuko barazani, kichwa kimetulia, anasema hata nyumba yako sasa hana ugomvi nayo. Mke wako walimwekea hewa ya oksijeni saa kadhaa, wakamruhusu.

Na kuhusu Jumamosi yako: mama anasema Afande amepangiwa zamu, alishaahirisha safari tangu mwezi uliopita. Haji.