Vidonge vya Mgongo Wangu Vimemlaza Wifi

Bi Shufaa mpendwa, shikamoo, naomba msaada wako na unijibu upesi maana nimekaa nje ya wodi hapa Bagamoyo. Mimi ni Adila wa Mlingotini, nalima mwani, na kazi yetu unaijua, unainama majini tangu maji yanapotoka mpaka yanaporudi, basi mwezi wa Rajabu mgongo ulinikamata nikaenda hospitali nikaandikiwa diklofenaki, kimoja asubuhi kimoja jioni baada ya kula, siku tano tu, nikapona, na kwa kuwa nilipona nikawa narudi duka la dawa na boksi tupu naongezewa, na mimi sina choyo Bi Shufaa, wenzangu kikundini wakilalamika kiuno nawapa, wote wanane, hata wakaniita daktari. Wifi yangu Sikuzani, dada mkubwa wa mume wangu, ana miaka sitini na mbili na magoti yanamsumbua, naye nikampa, nilijua anameza dawa za presha na zamani aliugua vidonda vya tumbo lakini niliona hizi ni za magoti zitakwenda magotini, na juzijuzi tulipokuwa tunafunga sita baada ya Idi nikamwambia awe anameza viwili kwa pamoja wakati wa daku, akawa anavimeza na chai ya rangi kwa sababu chakula hakimpandi saa ile, siku ya nne akapata choo cheusi kama lami akanyamaza, jana akatapika damu. Daktari kamuuliza mbele yangu, "Bibi, kuna dawa nyingine unatumia?" akanitazama, akasema, "Za presha tu, mwanangu," ananisitiri nisigombane na mume wangu. Sasa ameniomba kwa sauti ndogo nimpe viwili vya magoti, ninavyo hapa kwenye pindo la kanga, je, nikimpa safari hii na uji mzito vitamdhuru? Na nimwambie daktari, au ningoje kwanza apate nafuu?

BI SHUFAA ANAJIBU

(Jibu hili nilimtumia kwa simu palepale. Nalichapa, majina nimeyabadilisha, kwa sababu akina Adila ni wengi.)

Marahaba. Hivyo vidonge usimpe, si kwa uji wala kwa pilau. Kama umeshafungua pindo, lifunge, halafu nisikilize.

Eti zitakwenda magotini. Nani aliziambia njia? Dawa ikimezwa inazunguka na damu mwili mzima. Hii inapunguza uvimbe na maumivu, ndiyo maana ilikufaa wewe kwa siku zako tano. Lakini hiyohiyo inalidhoofisha tumbo mpaka linatoka damu, inaweza kuumiza figo, na inapandisha presha ileile ambayo Sikuzani anahangaika kuishusha. Mtu wa umri wake, mwenye vidonda vya zamani, hapewi dawa hii kienyeji. Wewe ukampa viwili kwa mpigo, na chai ya rangi. Funga ya sita ni sunna, Adila, na mgonjwa ana ruhusa yake. Ungemuuliza daktari.

Huna choyo, unasema. Ungegawa maandazi, mama! Wewe uliandikiwa dawa baada ya kuulizwa maswali na kupimwa. Hao wanane uliwauliza nini? Na huyo wa duka la dawa anayeuza kwa kuonyeshwa boksi tupu, naye ana lake la kujibu.

Halafu ungoje apate nafuu! Nafuu itoke wapi, ikiwa anayemtibu amefichwa kilichomwangusha? Najua umeogopa, na nakuonea huruma, hukukusudia. Ila unachokiogopa ni mume kukasirika, na aliyelala kitandani ni dada yake.

Inuka sasa hivi. Mpelekee nesi boksi na hivyo viwili. Taja alimeza vingapi, kwa siku ngapi, mara ya mwisho lini. Za presha aendelee nazo au aache, ataamua daktari, si wewe. Kisha wapigie wenzako wanane waache kumeza, na mwenye choo cheusi au tumbo linalomkata aende hospitali leo. Mgongo wako ukirudi kuuma, rudi kwa aliyekupima. Mumeo mwambie mwenyewe, kabla hajaambiwa na mtu mwingine.

Utakapoanza kusema, Sikuzani atakukonyeza unyamaze. Mtu anatapika damu na bado anakulindia ndoa yako. Mwangalie usoni, useme vyote.