Mafuta Niliyompaka Rama

Kwa dada yangu Zuwena, Rusimbi.

Mwakeye, mdogo wangu. Shikamoo yako nimeshaipokea, usijisumbue. Goti linaendeleaje? Na yule jogoo mkorofi bado yupo, au mmemla bila mimi? Mimi mzima, ila mgongo umegoma kuinama, umekuwa na kiburi kama mwenyekiti wa kijiji.

Sasa acha nicheke kidogo, maana mbele hakuchekeshi. Wiki iliyopita kwenye simu nilikwambia mwanao Rama ana malaria, halafu nikasema chaji imekwisha. Chaji ilikuwepo, Zuwena. Nilikuogopa.

Hapa shambani tunapulizia nyanya dawa ya wadudu kwa bomba la mgongoni. Bomba lenyewe linavuja, glavu hakuna, na jua la huku kusini mwa ziwa halitaki shati. Basi mimi na darasa langu la nne nikajifanya mtaalamu. Si unakumbuka mama alivyokuwa akitunywesha mawese mtu akila kitu kibaya? Nikawaambia wenzangu wajipake mawese mikono na mgongo kabla ya kupulizia, ili sumu iteleze. Wakaniita Daktari. Nami nikaitika! Rama nilimpaka kwa mkono wangu, na kwa kuwa ni mpwa wangu, nikamzidishia.

Siku hiyo alirudi bandani jasho linamtoka, mate yanamtoka, anatapika, mikono inamcheza. Nikasema malaria. Nikampa vidonge vya mseto alivyobakiza mtu mwingine. Nestori, Mrundi tunayelima naye, akanisihi, "Mzee, tumpeleke zahanati. Hii siyo malaria."

Nikamjibu, "Daktari hapa nani, mimi au wewe?"

Nilijidai natania. Kumbe naona haya, watu wasije wakasema mafuta yangu yameshindwa. Zahanati ni nusu siku kwa boti, nami nikamchelewesha mpaka kesho yake, aliposhindwa kusimama.

Nesi alimfunua macho, akamshika mgongo, vidole vikateleza. "Nani kampaka?"

"Mimi, mjomba wake."

"Mzee, mafuta ndiyo yanaishika sumu na kuiingiza mwilini. Umempaka kama mgebuka wa kukaanga!"

Akamdunga sindano, akamsugua kwa sabuni mwili mzima. Siku tatu nililala sakafuni kando ya kitanda chake.

Yu hai. Ugali anakula. Ila mikono bado inatetemeka, kikombe anakishika kwa yote miwili, na nesi ametuandikia karatasi ya kwenda hospitali kubwa huko mjini. Rama nilimweleza yote. Akasema, "Mjomba, ulikuwa unanikinga tu." Afadhali angenizaba kofi.

Tuliporudi shambani nikawaambia wenzangu waachane na mafuta. Wakaangua kicheko! Siku zote nawatania, sasa nasema kweli wanashika mbavu. Mmoja akafuata kopo la mawese ajipake. Ndipo Rama akanyoosha mikono yake mbele yao, wakaitazama inavyocheza. Kicheko kikakatika. Kopo nikalimwaga mwenyewe, na mwenye shamba nimemwambia hatupulizii mpaka alete glavu na bomba lisilovuja. Amenuna. Na anune.

Barua hii anakuletea mama muuza dagaa atakayeshuka Katonga. Nimeitanguliza ili usije ukaiona mikono ile kwa ghafla. Sisi tunafuata na boti ya Ijumaa.

Msalimie shemeji, mumeo, mwambie akitaka kunipiga asinipige mgongoni. Mke wa Rama mwambie mumewe hakufanya uzembe wowote, mzembe ni mjomba. Shangazi yetu msalimie, ila usimsomee, atanililia mimi badala ya Rama, na sistahili.

Mimi nitakuwa nyuma ya Rama nimebeba mzigo wake. Ukiona huwezi kunitazama, mwingize yeye, kisha ufunge mlango. Nitakaa barazani.

Ni mimi kaka yako, mwenye makosa,
Hamadi