Fumbeni Macho, Inueni Mikono

3 Machi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi sijambo, kikohozi kimeniacha. Goti lako je? Na wadogo zangu?

Uliniuliza habari za kazi. Mapokezi ni kiti na simu, sina taabu. Taabu ni Mkurugenzi wetu, huyo mnayemsifu huko kanisani kwa kulisha yatima. Hatutukani, Mama, anatuombea. Kila asubuhi anatukusanya ukumbini, anashika kipaza sauti na kumsimulia Mungu makosa yetu, kila mtu kwa jina lake. Juzi alimwombea Mama Jiko, mpishi wetu, aponywe udokozi wa sukari. Sukari yenyewe Mkurugenzi aliipeleka kituo cha watoto yeye mwenyewe, akasahau. Tukaitikia amina sote, hata Mama Jiko.

Wiki ijayo wazee wa bodi wanakuja kutuuliza anatuongozaje. Shirika letu haliandiki mambo haya. Tunafumba macho, aliyeridhika anainua mkono, mzee anahesabu. Tumeshakubaliana jikoni kwamba mikono yote ibaki mapajani.

Mwanao

9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti linanisumbua kwenye ngazi tu, na wadogo zako wanakula mpaka sufuria inalia.

Maneno ya jikoni yaache jikoni. Kazi hiyo nilikuombea kwa watu mpaka nikaishiwa haya, na wadogo zako wanasoma kwa jasho lako. Mkono wenyewe una uzito gani? Inua, shusha, rudi kwenye simu yako.

Mama yako

17 Machi

Mama,

Shikamoo. Natumaini hamjambo. Mimi mzima wa mwili tu.

Niliinua. Mzee alituambia tufumbe macho, tuwe wakweli mbele za Mungu. Nikakukumbuka, nikainua. Kisha nikachungulia, nikamkuta mhasibu naye anachungulia. Aliponiona akainua wake. Dereva akamwona mhasibu. Basi ikawa hivyo hadi mstari wa mwisho, kumbe ukumbi mzima tulikuwa tunachunguliana. Aliyefumba macho kweli ni Mama Jiko peke yake. Alikaa mbele, mikono mapajani, anatabasamu, akiamini tuko naye.

Baada ya amina mzee akatangaza kwa furaha, "Wote wameridhika, isipokuwa mmoja." Mama Jiko akageuka kututazama. Kila mtu akaanza kutafuta kitu sakafuni. Naona aibu, Mama. Siku hizi hata simu naipokea nimeinamisha kichwa.

Mwanao

30 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima, ila barua yako imenitia wasiwasi.

Jumapili Mkurugenzi wenu alihubiri kwetu. Alisema wafanyakazi wake wanampenda kama baba, kisha akaniita nisimame, mzazi wa binti wa mapokezi. Watu wakanipigia makofi. Nilisimama, mwanangu, na barua yako nilikuwa nayo kwenye pochi. Huyo mpishi yuko wapi sasa?

Mama yako

12 Aprili

Mama,

Shikamoo, na unisamehe kwa kuchelewa.

Mama Jiko ameachishwa kazi. Walisema apumzike. Mkurugenzi akamwombea safari njema kwenye kipaza sauti, nasi tukaitikia tulivyozoea.

Jana nilikwenda kwake. Alinikaribisha vizuri, akanipa chai, akauliza hali ya goti lako. Hakulaumu mtu. Nilipotaka kuaga akaniuliza jambo moja tu, "Ni nani aliyeanza?"

Nilisema giza linaingia, nikaondoka. Lilikuwa jua kali la mchana.

Mwanao

20 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Goti tuliache leo.

Rudi kwake. Mwambie aliyeanza ni wewe, wala usimung'unye maneno. Kisha mwambie aliyekutuma ni mimi. Jumapili nitasimama tena kanisani, safari hii bila kuitwa, na walionipigia makofi watanisikiliza. Kazi ikiisha, iishe. Uje nyumbani, tutabanana.

Barua hii mpe aisome mwenyewe. Nimejaribu kumwandikia yake, nimeshindwa. Sina uso.

Mama yako