Nilivyomkalisha Nyanya Yako

Uriri,
Kaunti ya Migori.
14 Julai, 2025.

Mpendwa Joyline,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa shangazi yako Bathsheba. U hali gani huko Uholanzi? Sisi hapa tu wazima, na mume wangu Machuki ameanza kuvuna mahindi. Nyanya yako naye ni mzima, ila miguu. Ni hiyo miguu inayonifanya nikuandikie nikiwa na haya.

Unakumbuka ule ujumbe wako wa Machi, nilipokuomba unieleze unachosomea? Ulinieleza polepole kama mtoto wa darasa la tatu: misuli ikifanya kazi ngumu hutoa kitu kiitwacho lakteti, na lakteti hiyo hujibandika kwenye protini ndani ya seli na kuzibadilishia kazi. Ukasema huenda katika goti gonjwa inachochea uvimbe, na huenda katika mfupa inasaidia kujenga. Ukamaliza kwa kusema bado mnachunguza kwa panya, na nyanya aendelee kutembea.

Sabato iliyofuata ilikuwa zamu yangu ya somo la afya kanisani. Nilivaa miwani, nikasoma ujumbe wako mpaka kwenye uvimbe, nikafunga simu. Nikawaambia akina mama wenye magoti mabovu wakae, wasijitese. Watu waliandika kwenye daftari, Joyline. Nilijiona daktari.

Wengine walirudi shambani Jumatatu kama kawaida. Nyanya yako peke yake ndiye aliyetii, kwa sababu neno lilikuwa lako. Alikaa miezi mitatu. Hata maji ya kunawa nilimletea kitini.

Mwezi jana alishindwa kuinuka. Tukampeleka hospitali Homa Bay, na daktari wa mazoezi akamshika paja, akaniuliza nani alimkataza kutembea, maana nyama yote imekwisha. Nikamuuliza tufanye nini sasa. Alituonyesha mazoezi ya kusimama na kukaa, mara kumi kila asubuhi. Tulipofika nyumbani mama yangu akakataa katakata, eti mjukuu wake msomi amekataza.

Siku nne nilimwacha aamini hivyo.

Sasa nikuambie lililo baya zaidi. Ule mwisho wa ujumbe wako niliuona, na niliuelewa. Lakini nilikuwa nimechoka kutembea na mama hatua kwa hatua mpaka kanisani huku wenzangu wakitupita, na habari ya uvimbe ilinifaa. Nimelitumia jina lako vibaya. Nisamehe, mwanangu.

Siku ya tano nilimsomea ujumbe wote, mpaka neno la mwisho.

"Kumbe ni wewe uliyenikalisha," akasema.

Sabato nilisimama mbele ya kanisa nikasema nilikosea. Hiyo ilikuwa rahisi. Mama sasa anafanya mazoezi yake kila asubuhi, na jana alifikisha mara sita. Lakini lazima jirani yetu Caren aje kumshika. Nikinyoosha mkono wangu mimi, anaketi.

Machuki anakusalimu, na mjomba wako Okari pia. Mungu akulinde katika masomo yako na akupe watu wa kukusikiliza mpaka mwisho.

Mimi shangazi yako, nikupendaye hata nikiwa na haya,
Bathsheba