Fundi Aliyeacha Kazi

Baba watoto,

Wali uko kwenye sufuria ya bluu, pasha mwenyewe. Mtoto umchukue shule saa tisa, usimsahau.

Ulipokuwa bafuni ukipiga mluzi, benki walinipigia. Mkopo wetu wa nyumba umesimamishwa. Walipiga simu karakana kwenu kuhakikisha ajira yako, dada wa mapokezi akawajibu, “Huyo aliacha kazi zamani.” Sikuamini, nikapiga mwenyewe. Akanijibu vilevile! Nilipombana akacheka: eti ulimwagiza amjibu hivyo kila anayekuulizia, ili kaka yangu asikuletee lile gari lake bovu ulitengeneze bure.

Nimeondoka kabla hujatoka bafuni. Miezi mitano tunasubiri nyumba yetu ya kwanza, kumbe mwanamume mzima, mwenye ndevu, anamkimbia shemeji yake! Njia ya mwongo fupi, ila mimi ndiye ninayeitembea: naenda kumwomba bosi wako barua, niifikishe benki kabla hawajafunga.

~~Usinipigie.~~ Nipigie ukishamchukua mtoto.

Na usitoke jioni. Kaka analeta gari saa kumi na moja. Nimemwambia umeacha kazi, una nafasi tele.

Mama watoto,
dada wa huyo unayemkimbia