Mzigo Usiomjua Mkulima Wake

Nairobi,
Jumapili, baada ya misa

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Kaka Deo ameniambia mvua imewahi huko Matiri na umeshaanza kuchimba mashimo ya ngolo shambani mwenyewe, wakati daktari alikukataza kuinama. Mwachie yeye, Mama, ana mikono. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio umeumia, na ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ungesikia nalia tu.

Umeniuliza zaidi ya mara moja kwa nini Edmund haleti wazee wake. Hatawaleta. Tumeachana. Naomba usome mpaka mwisho kabla hujaanza kuutaja Uanglikana wake, maana kanisa halihusiki hata kidogo.

Unajua kwamba ofisi yetu ilipewa kazi na mnunuzi wa kahawa wa huko kwetu, atengenezewe programu ya kuandikia kahawa kwenye mizani. Mimi na Edmund tuliifanya pamoja, na kupanga muundo wake wa ndani niliachiwa mimi. Nilifurahi mno. Nilikumbuka ule msimu kahawa ya Baba ilipotokea kwenye jina la mtu wa Namswea tusiyemjua, Baba akawa anakwenda ghalani kila asubuhi na koti lake la misa ili wamsikilize. Hawakumsikiliza. Edmund nilimsimulia habari hiyo, akafuta machozi mbele yangu.

Sasa nivumilie nikueleze nilichoandika, kwa sababu bila hicho hutaelewa alichonifanyia. Katika lugha tunayotumia, kila kitu lazima kwanza ukieleze ni cha aina gani. Nikaandika aina ya Mkulima: jina lake, kijiji chake. Halafu ndani ya Mkulima, katikati ya mabano yake, nikaandika aina nyingine, Mzigo: uzito na daraja la kahawa. Ukiiweka aina moja ndani ya nyingine namna hiyo, kompyuta haikubali uunde Mzigo mpaka uwe na mkulima halisi, tuseme Yustina wa Matiri, si wakulima kwa jumla. Na mzigo ukishaundwa, siku zote unamjua mwenyewe. Huhitaji kuuandikia jina, unalichukua kwa mkulima wake.

Lakini kuna neno dogo, static. Ukiliweka mbele ya Mzigo, utaona bado umeandikwa pale pale ndani ya Mkulima, hata jina lake kamili bado ni Mkulima.Mzigo. Ila undugu umekatika. Sasa unaweza kuunda mzigo bila mkulima yeyote, na ukiuuliza ni wa nani, haujui. Neno lenyewe si baya. Madaraja ya kahawa niliyaandika hivyo mwenyewe, kwa sababu daraja la kwanza ni lile lile, kahawa iwe yako au ya jirani. Mzigo ndio sikutaka uguswe.

Basi Mama mdogo Kanisia akanipigia kutoka Mkumbi. Magunia yake yalikuwa yanasomeka kwa jina la mtu mwingine. Nilimbishia. "Haiwezekani, Mama mdogo, programu hiyo nimeiandika mimi."

"Basi njoo huku ghalani uiambie hivyo hivyo," akasema, akakata simu.

Niliifungua programu nikaliona lile neno mbele ya Mzigo. Kila badiliko hubaki na jina la aliyelifanya, na jina lilikuwa la Edmund. Alilifanya nilipokuwa huko nyumbani nachuma kahawa na wewe, huku akinitumia ujumbe nikusalimie. Wala si bahati mbaya. Alipoliweka, kompyuta lazima ilimkatalia kila mahali niliposoma jina la mkulima, kwa hiyo alipita kote akarekebisha, akaongeza nafasi tupu ya jina, ijazwe baadaye.

Nilimkuta kwenye jiko la ofisi anachemsha maji ya chai.

"Edmund, kwa nini umeweka static kwenye Mzigo?"

Hakugeuka. "Ni neno moja tu, Skola."

"Unajua linafanya nini."

"Mnunuzi ndiye aliyeomba. Foleni ni ndefu, watu wapime kwanza, majina yaje baadaye."

"Na hayo majina ya baadaye anayaweka nani?"

"Hilo si la kwetu."

"Na Baba yangu je?"

Akanitazama hapo, kwa upole kabisa, kama anayemweleza mtoto. "Baba yako ameshafariki, Skola."

Nilidhani hakuna litakalouma kuliko hilo. Lakini malalamiko ya wakulima yalipofika ofisini tukaitwa kikao, na mkuu wetu akauliza Mzigo umeandikwa na nani. Edmund akajibu, "Ni wa Skola." Nilimsubiri aendelee, Mama. Niliwaonyesha jina lake kwenye badiliko lile, mkuu akasema mteja ameridhika nalo na hakuna haja ya kutafuta mchawi. Mwezi huo huo Edmund akafanywa kiongozi wa kitengo.

Nikampigia mwenyekiti wa chama cha wakulima, nikamweleza kama nilivyokueleza wewe. Alinielewa upesi kuliko mkuu wangu. Wamesimamisha programu, sasa wanaandika jina kabla gunia halijapanda mizani. Mama mdogo amerudishiwa kahawa yake kwa kuwa karani wa mizani alimkumbuka. Wenzake wengine wa Mkumbi bado wanazunguka kuitafuta yao. Ofisi ilipojua nimepiga simu, ikanifukuza. Sijutii. Nafundisha programu kwenye chuo kidogo, nusu siku, nakula na kulala vizuri kiasi.

Kinachonisumbua ni kwamba nilimweleza yeye kila kitu. Alijua hasa pa kukata kwa sababu mimi ndiye niliyemwonyesha.

Nisalimie Kaka Deo na wifi, umwambie wifi kitenge chake kipo. Nisalimie Mama mdogo, na Bibi wa kule chini mtoni, ambaye najua atasema alishaona mapema.

Na jambo moja, Mama, usilikatae. Mama yake Edmund atapanda kutoka Lituhi kuja kukuuliza kulikoni, namjua, hatangoja simu. Mwanawe hajamwambia kitu. Usimfungie mlango na usimtolee maneno makali. Mwambie aliye na habari ni Edmund. Mpe kiti, mpikie, alale hapo kwetu, kwa sababu mlima ule ni mrefu na miguu yake haina nguvu, na yeye hajanikosea.

Mwanao anayekupenda,
Skolastika