Mwalimu Ametulia

Jumatatu, 3 Juni 1935
Nimetundika mizinga mingine miwili porini. Sasa saba. Mbung'o wameniuma shingoni mpaka nimetukana. Barua ya kuacha ualimu Padri anayo tangu Ijumaa; nimeandika naondoka kutafuta furaha. Aliuliza, furaha ya kufanyia nini? Nikamjibu, ya kuwa nayo tu, Padri. Akanitazama kama mtoto aliyekosea hesabu. Miaka kumi na mmoja nahangaikia watoto wa watu! Basi, imetosha. Nyuki hawaulizi maswali.

Jumapili, 23 Juni
Homa imekwisha. Kichwa bado kinagonga. Sikwenda kanisani, wala dhamiri hainisuti. Veronika kanuna. Mke wangu hajui raha, anajua jembe.

Alhamisi, 18 Julai
Nimelala mchana kutwa chini ya mizinga. Usingizi mtamu ajabu. Nyumbani mchwa wamekula nguzo ya mlango. Nimewatazama tu. Zamani hata chakula kisingepita kooni kabla sijawafukuza. Kijiji kizima cha Kigwa wanasema, Mwalimu siku hizi ametulia. Ndilo neno lenyewe. Nimekipata nilichokitafuta, tena bila jasho.

Jumanne, 6 Agosti
Niandike upesi kabla sijasinzia.
Jana binti yetu Agnesi, wa miaka minne, alijimwagia uji wa moto mkononi. Nilikuwa nimekaa hatua mbili tu. Akalia, Baba! Baba! Nilimsikia. Nilimwona. Sikunyanyuka. Sikuona uchungu wala huruma. Raha ileile tu, laini, kama mtu aliyeshiba.
Veronika akaja mbio kutoka kisimani. Sikugombezwa. Alipomaliza kumfunga mtoto alinishika shingo, akapapasa nyuma, akakuta vinundu. Akakaa chini.
"Huku si kutulia, Baba Agnesi," akasema. Kisha akalia.

Jumamosi, 10 Agosti
Kambi ya wagonjwa. Tumefika kwa gari la ng'ombe. Dresa, mganga msaidizi wa hapa, alinigusa shingo, akasema neno moja: malale. Ugonjwa wa usingizi, ule wa mbung'o. Wamenitoa maji ya mgongo. Yana ugonjwa.
Kitanda cha pili mtu anatabasamu akiwa amelala, nzi mdomoni. Mkewe anampepea. Najua ni jambo la kutisha. Halinitishi. Nimejaribu mara tatu kuogopa, nikapitiwa na usingizi.
Niliitaka furaha isiyo na sababu. Nimepewa. Mjinga mkubwa mimi! Furaha yangu ya kweli ilikuwa inakaa ndani ya hangaiko lilelile nililolikimbia, nami sikuijua.

Jumatatu, 12 Agosti
Asubuhi. Sindano ya kwanza ni leo. Dresa hakunificha, dawa ni kali, wengine haiwarudishi. Nimekubali.
Veronika yuko mlangoni na Agnesi. Mkono bado una kitambaa. Nimemwuliza kama unauma. Anasema kidogo.
Hati yangu inatetemeka. Sijui ni hofu au ni malale. Naomba iwe hofu.